Wafuasi 1,400 na duka halina watu: nianzie wapi?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Nina duka dogo la viatu vya watoto, huu ni mwaka wa tatu. Naposti kila siku Instagram na Facebook, nina wafuasi 1,400, laiki zinakuja, lakini wanaonunua ni walewale wapita njia. Juzi kijana mmoja kaniambia ana orodha ya namba 5,000 za simu. Nikimlipa anazirushia zote meseji kwa mkupuo mmoja. Hela nimeshaitenga. Ninunue? Na kama siyo, hii simu niitumieje mpaka iniletee wateja?

Jibu: Dada yangu, hela uliyoitenga irudishe kwenye mzigo. Orodha usinunue.

Watu 5,000 hao hawakujui. Kuna wasio na mtoto, kuna ambao watoto wao wanavaa saizi 43, na kuna walio mbali kiasi kwamba nauli ya kufika kwako inazidi bei ya kiatu. Meseji yako wataipokea kama wewe unavyozipokea zile za bahati nasibu usiyoicheza: unafuta kabla hujafika katikati. Wakali zaidi watakuripoti. Kwenye WhatsApp, namba inayoripotiwa na kublokiwa na watu wengi huweza kufungiwa, na ikifungiwa unawapoteza hata wateja halali waliokuwa wanakuandikia humo. Halafu kuna sheria. Marekani wana sheria ya mwaka 1991 inayomruhusu aliyerushiwa matangazo kwa mitambo bila ridhaa yake kudai dola 500 kwa kila meseji. Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2018, unamtaka mfanyabiashara awe na sababu halali ya kutumia namba ya mtu na aweze kuionyesha. Nchi nyingine nyingi zimeshika njia hiyohiyo. Sasa mwambie huyo kijana akuonyeshe ridhaa ya mtu mmoja tu kati ya hao 5,000.

Lakini kilichonishtua katika barua yako ni kingine. Uko mwaka wa tatu. Tuseme unauza kwa watu wanne tu kwa siku, siku 300 kwa mwaka: kwa miaka mitatu hayo ni mauzo yanayokaribia 3,600. Toa waliorudi mara mbili tatu, bado wanabaki mamia ya watu waliokuja kwa miguu yao, wakakaa kwenye kiti chako, wakamvalisha mtoto kiatu, wakatoa hela, wakaondoka. Namba zao ziko wapi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wao waliwaza mali. Mimi nawaongeza na wateja.

Kwa hiyo kabla ya Instagram, kabla ya meseji, nunua daftari. La karatasi kabisa, likae karibu na sanduku la hela. Mteja akishalipa, muulize: "Nikuandikie saizi ya mtoto, nikukumbushe kikikaribia kumbana?" Usimuulize kama anataka kupokea matangazo, nani anayataka? Muulize hilo la saizi, kwa sababu hapo unampa kitu. Andika anavyopenda kuitwa, namba yake, jina la mtoto, saizi aliyochukua na tarehe. Halafu mwambie wazi: "Mara moja moja nitakuambia na mzigo mpya ukiingia, ukichoka niambie niache." Akikubali, weka tiki. Akisita, usiweke, na usimlazimishe. Hiyo tiki ndiyo ridhaa yako, na ina tarehe pembeni.

Unaona faida ya kuuza viatu vya watoto? Mguu wa mtoto hausimami. Kiatu kilichomtosha vizuri leo, baada ya miezi minne au mitano huenda kimeshaanza kumbana, na mzazi mara nyingi hajui mpaka mtoto aanze kukivua njiani. Daftari lako linajua. Ukifungua kurasa za miezi minne iliyopita unapata watu wa kuwaandikia leo, na kila mmoja unamwandikia kwa sababu ya kweli. Muuza soksi au muuza betri atakuonea wivu.

Sasa tofautisha vitu viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya. Instagram na Facebook ni barazani: mtu anapita, anatupa jicho, anacheka, anaendelea na safari yake. Meseji ni kubisha hodi mlangoni kwa mtu. Anayebisha hodi lazima awe na la kusema, aseme kwa kifupi, na asije usiku. Ukibisha hodi kila siku kuulizia hali tu, siku ya tatu watu wanajifanya hawapo. Mimi kwa duka la aina yako nisingezidi meseji mbili kwa mwezi kwa mtu mmoja, na kuna miezi ningekaa kimya kabisa.

Tuangalie meseji yenyewe. Nyingi ninazoletewa nizipitie zinafanana na hii:

"HABARI MTEJA WETU MPENDWA! TUNAPENDA KUKUJULISHA KUWA MZIGO MPYA UMEINGIA DUKANI KWETU. KARIBU UJIPATIE BIDHAA BORA KWA BEI NAFUU. NYOTE MNAKARIBISHWA!"

Herufi kubwa mwanzo mwisho, kama mtu anakupigia kelele sikioni. Mzigo gani? Haijulikani. Nafuu kiasi gani? Haijulikani. Nifanye nini sasa hivi? Hakuna. Na hilo "nyote" linanikumbusha kwamba sijaandikiwa mimi. Linganisha na hii:

"Mama Juma, ni mimi wa duka la viatu. Vya shule saizi 28-34 vimeingia leo. Nikuwekee saizi ipi hadi Jumamosi? Jibu kwa namba tu. Hutaki meseji? Andika ACHA."

Ina jina lake. Inasema imetoka kwa nani, kwa sababu hakuna aliyeapa kuihifadhi namba yako. Inataja kitu kimoja, na saizi zilizopo. Ina swali ambalo jibu lake ni tarakimu mbili, kwa hiyo hata mtu aliyesimama kwenye foleni anaweza kujibu. Ina siku ya mwisho. Na ina mlango wa kutokea. Huo mlango usiuogope: anayeandika ACHA amekuokolea gharama ya kumtumia mwaka mzima bure. Mfute siku hiyohiyo, usimuulize sababu.

Nimezihesabu herufi zake pamoja na nafasi: 155. Sikuishia hapo kwa bahati. Meseji ya kawaida ya simu, ile isiyohitaji intaneti, inabeba herufi 160 tu. Ikizidi, mtandao unaikata vipande na kila kipande kinatozwa kama meseji nzima. Hilo watu wengi wanalijua. Wasilolijua ni hili: ukiweka emoji moja tu, hata kakopa kadogo mwishoni, simu inalazimika kubadili mfumo wa herufi kwa meseji yote, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Zikiunganishwa, kila kipande kinabeba 67. Maana yake meseji yetu hii ya herufi 155, ukiipamba na kopa moja, inakuwa vipande vitatu. Ukiwatumia watu 200 umelipia meseji 600 kwa sababu ya kopa.

Na kuna mtego mwingine unaotupata zaidi sisi tunaoandika Kiswahili. Ile alama ya juu kwenye "ng'aa" au "ng'ombe" ikiwa imenyooka, haina shida, imo kwenye mfumo wa herufi 160. Lakini ukiandika tangazo kwenye kompyuta, programu nyingi za kuandikia huikunja hiyo alama yenyewe bila kukuuliza. Ukilinakili na kulibandika kwenye meseji, tayari umeshuka kwenye 70 na huoni kwa macho kilichobadilika. Unashangaa tu salio limekwenda wapi. Meseji iandike kwenye simu moja kwa moja, au irudie alama hiyo kwa mkono.

Kuna kampuni zinazotuma meseji kwa niaba yako na kuweka jina la duka juu mahali pa namba. Jina hilo lisizidi herufi 11. Linapendeza, na mteja anajua ni nani kabla hajafungua. Lakini meseji yenye jina haijibiki. Mteja akibonyeza kujibu, haiendi popote. Ukitumia njia hiyo, lile "jibu kwa namba tu" halina maana tena, na hata ACHA haitakufikia. Weka namba ya kupiga ndani ya ujumbe. Kwa ukubwa wa duka lako, mimi bado ningetuma kwa namba yangu mwenyewe, watu ishirini thelathini kwa siku, wale tu ambao daftari linasema saizi inawahusu. Mwenye mtoto wa saizi 22 ana haja gani na habari za 34?

WhatsApp je? Itumie, na utumie ile ya biashara, iliyotoka mwaka 2018, ni bure. Ina katalogi ya bidhaa, ina lebo za kuwagawa wateja, na ina majibu ya haraka ambayo unayaandika mara moja kisha unayaita kwa kifupi chake. Maswali yale matano unayoulizwa kila siku (mko wapi, mnafunga saa ngapi, mnatuma, kikibana nitabadilisha, mna saizi fulani) yaandikie majibu mazuri jioni moja, na umemaliza. Kuhusu orodha ya matangazo, kila orodha inachukua hadi watu 256, na ujumbe unamfika kila mtu peke yake kana kwamba umemwandikia yeye. Ila unawafikia tu wale waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Nimewaona wafanyabiashara wakituma kwa watu 256, wakijibiwa na wanne, wakaamini bidhaa yao haipendwi, kumbe ujumbe haukuvuka hata nusu ya orodha. Dawa yake iko palepale kaunta: mteja akiwa bado amesimama mbele yako, mwombe akutumie picha ya mtoto amevaa kiatu kipya au hata neno moja tu, na ahifadhi namba yako kwa neno atakalolikumbuka. "Nihifadhi kama Viatu Vya Watoto." Jina la duka lako atalisahau, viatu vya watoto hatavisahau.

Makundi ya WhatsApp sikushauri. Siku ya kwanza ni pongezi, siku ya tatu ni minyororo ya dua na picha za asubuhi njema, siku ya tano mteja wako mmoja anamfuata mwingine inboksi kumuuzia vipodozi. Namba za wote zinaonekana na wote, na wao walikupa wewe tu. Stetasi ni bora zaidi: inakaa saa 24, haimsumbui mtu, na anayeitazama ametaka mwenyewe.

Sasa wafuasi wako 1,400. Usiwachukie, ila elewa wengi wao hawaoni unachoposti. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Facebook ilitangaza wazi kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya biashara, na Instagram nayo haipangi picha kwa zamu ya kufika. Inatanguliza yale inayodhani mtazamaji atayagusa. Kwa hiyo kuposti kila siku picha ya kiatu kilekile kilichoandikwa "mzigo mpya" kunaufundisha huo mtandao kwamba machapisho yako hayana anayeyajali. Punguza. Mara tatu kwa wiki zinatosha kama zina kitu ndani.

Kitu gani? Nikupe kimoja. Rekodi video fupi ukionyesha jinsi ya kupima mguu wa mtoto nyumbani. Karatasi sakafuni, ukutani kabisa. Mtoto asimame kisigino kimegusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Pima kwa rula. Mfano umepata sentimita 19. Ongeza sentimita moja ya nafasi ya kukua, zinakuwa 20. Zidisha kwa moja na nusu: 30. Hiyo ndiyo saizi, kwa mfumo ule wa Ulaya, kwa sababu namba moja ya kiatu ni theluthi mbili za sentimita. Wapime jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kutembea, na wapime yote miwili, maana mara nyingi mmoja umeuzidi mwenzake. Video kama hiyo mzazi anaihifadhi na kumtumia dada yake. Na anayekuandikia baada ya kuitazama anaanza na "mwanangu ana sentimita 17", siyo "mambo, mko wapi". Huyo ameshafika nusu ya kununua.

Picha zako za viatu nimezipitia. Taa ya dukani inazitia unjano wote, cheupe kinaonekana maziwa. Sogeza meza dirishani asubuhi, tandika karatasi nyeupe, zima taa. Piga ubavu, piga soli, piga ndani. Soli ndiyo mama anayoitazama akishika kiatu mkononi. Mbona kwenye picha unaificha?

Na tafadhali, hili la "bei inboksi". Najua kila mtu anafanya. Najua na sababu: hutaki mwenye duka la jirani ajue bei yako. Dada, ameshajua, alimtuma mtoto wake wiki iliyopita. Asiyejua ni mteja. Mtu anayeona picha saa tano usiku, mtoto amelala kifuani, hataki kuanza mazungumzo na mtu asiyemjua ili tu aambiwe kiatu ni bei gani. Anahofia utamng'ang'ania, anahofia kitakuwa ghali aone haya kukataa. Anapita. Zile laiki zako ni za watu wa namna hii: wamekipenda na hawakuuliza. Andika bei, andika saizi zilizobaki, andika na kama unatuma. Kikiisha, rudi kwenye chapisho uandike kimeisha, usimwache mtu akaja mpaka dukani kwa kitu ambacho hakipo.

Wafuasi wa kununua sitawajadili, hawana miguu. Kulipia tangazo nako kunangoja: kwanza ujue ni chapisho lipi limekuletea watu kwa nguvu zake lenyewe, ndipo ulilipie hilohilo, kwa eneo linalozunguka duka tu.

Kuna jambo moja linalohusu bidhaa yako hasa. Mteja akikutumia picha ya mtoto wake amevaa kiatu chako, usiiposti mpaka umeomba ruhusa ya kuiposti. Kukutumia wewe si kuitangaza. Ukiruhusiwa, kata uso, bakiza miguu. Tangazo lako ni la viatu. Kuhusu lawama zinazoandikwa hadharani chini ya picha, usizifute. Jibu palepale kwa sentensi moja ya adabu, omba radhi kama kosa ni lako, kisha malizeni pembeni. Wanaosoma bila kuandika ni wengi kuliko wanaoandika, na wao wanakupima kwa ulivyojibu.

Utajuaje kama haya yote yanafanya kazi? Rudi kwenye daftari. Ongeza safu moja nyembamba mwishoni. Kila anayenunua muulize ametujuaje, uweke herufi: M kwa meseji, W kwa WhatsApp, I kwa Instagram, F kwa Facebook, R kwa rafiki, N kwa njiani. Usimtegemee msaidizi wako akumbuke jioni, iandikwe hapohapo. Mwisho wa mwezi hesabu. Inawezekana kabisa ukute R ndiyo inaongoza, na I unayoihangaikia kila siku imeleta watu wawili. Basi utajua saa zako uzipeleke wapi. Ukiona M ni nyingi kuliko ulivyodhani, bado usiongeze idadi ya meseji. Ongeza watu wenye tiki.

La mwisho ni la ulinzi, na hili nimelilipia mwenyewe. Miaka ya nyuma simu yangu ya kazi ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ikiwa na namba zaidi ya 600, sikuwa na nakala popote. Nilikaa mwezi mzima nikisubiri watu wanipigie ili nijue ni nani. Tangu siku hiyo naandika kwenye karatasi na kila Ijumaa napiga picha kurasa mpya, nakala naihifadhi kwenye barua pepe. Fanya hivyo. Kisha leo, kabla ya kulala, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uwashe uthibitisho wa hatua mbili, uweke na namba ya siri unayoijua wewe peke yako. Ukiletewa meseji yenye tarakimu sita na mtu akakuomba umsomee kwa sababu "imekuja kwako kimakosa", hata kama anayeomba ni namba ya mteja wako wa siku nyingi, usimpe. Namba ya huyo mteja imeshaibiwa, na inayotafutwa sasa ni yako.